Umepuliza dawa ya mimea na ukungu bado unakula shamba: pa kutafuta kosa

Kitunguu saumu huzuia ukungu. Mafuta ya mwarobaini, karafuu, mchaichai na majani ya mpapai nayo huzuia, kila kimoja kwa ukungu wake. Maabara zimeonyesha hivyo mara nyingi, na bado mkulima wa nyanya anapuliza mara tatu na shamba linakwisha akilitazama. Sahani ya maabara haina jua la saa saba wala mvua ya usiku, na mara nyingi kilichopimwa humo kilikamuliwa kwa spiriti badala ya maji ya kisima. Makosa mengi hutokea njiani, kati ya kinu na jani.

Malalamiko yamepangwa hapa jinsi yanavyosemwa shambani, na chini ya kila moja kuna pa kuanzia uchunguzi. Vipimo ni vya bomba la mgongoni la lita 15. Lako likiwa la lita 20, ongeza theluthi.

"Nimepuliza mara mbili, mabaka yanazidi"

Weka bomba chini, shika jani. Lalamiko hili huishia mara nyingi kwenye tatizo lisilo la ukungu kabisa, au kwenye ukungu ambao dawa ya jikoni haiuwezi.

Bakajani tangulia huanzia majani ya chini, yale yaliyozeeka. Doa ni la kahawia, kavu, na ndani yake kuna duara juu ya duara kama kisiki kilichokatwa kwa msumeno. Pembeni jani linageuka manjano. Ugonjwa huu huenda polepole. Unapenda joto la nyuzi 24 hadi 29 na mmea uliochoka au uliokosa naitrojeni. Huu unaweza kupambana nao kwa dawa za mimea, mradi uondoe majani ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini, usimike nyanya kwenye miti, na utandaze nyasi kavu ili mvua isirushe udongo juu ya majani. Mbegu za ukungu huu hukaa kwenye mabaki ya msimu uliopita, na tone la mvua ndilo linalozipandisha.

Bakajani chelewa, ile ambayo Kenya wengi huiita blaiti, ni habari nyingine. Jina lisikudanganye, maana unaweza kuiona hata kwenye miche. Doa lake ni la kijani kilichofifia kuelekea kijivu, limelowa kama jani lililomwagiwa maji ya moto, na halina duara ndani. Nenda shambani saa kumi na mbili asubuhi kabla umande haujakauka, geuza jani. Ukiona utando mweupe mwembamba kwenye ukingo wa doa, upande wa chini, umeshaupata. Mashina hupata mabaka meusi, na tunda bichi hupata baka gumu la kahawia linalong'aa kama limepakwa mafuta. Kwenye baridi na ukungu wa hewani wa milimani, iwe Lushoto, Mgeta, Njombe au Kinangop, shamba zima linaweza kulala ndani ya siku saba hadi kumi.

Kimelea chenyewe, Phytophthora infestans, si hata kuvu halisi. Kwa ukoo kiko karibu na mwani wa kahawia wa baharini kuliko na uyoga. Ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Juisi ya kitunguu saumu imeonyesha uwezo wa kukizuia, lakini kwenye uso wa jani, kabla hakijaingia. Kikishaingia, ng'oa mimea iliyoathirika vibaya, izike, kisha tumia kiuakuvu kilichosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya: kopa au mankozebu kukinga mimea iliyobaki, metalaksili au saimoksanili pale ugonjwa umeshaanza kuingia. Wapo wanaoona huko ni kusalimu amri. Nusu ekari iliyolimwa kwa mkopo haiwezi kungoja mjadala huo uishe.

Sasa yale yasiyo ukungu. Inua jani lenye "baka" ulielekeze juani. Ukiona kama dirisha lenye ngozi nyembamba, na ndani vinyesi vyeusi na pengine kiwavi mdogo wa kijani, huyo ni kantangaze. Majani ya juu yakijikunja kama kikombe, yakawa madogo na ya manjano pembezoni, mmea ukadumaa, hivyo ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe, ile inayoitwa rasta. Hakuna cha kupuliza kinachotibu virusi. Doa jeusi kavu kwenye kitako cha tunda ni kalisiamu kutofika huko, kwa kawaida kwa sababu umwagiliaji ni wa kukatakata: siku nne kavu, siku ya tano mafuriko.

Mmea ukinyauka mchana ukiwa bado wa kijani, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Kata kipande cha shina cha sentimita kama saba karibu na ardhi. Kining'inize ndani ya glasi ya maji safi yaliyotulia, ncha ya chini iguse maji, usitikise. Ngoja dakika tano. Uzi mweupe ukianza kushuka taratibu kama maziwa yanayomwagika majini, ni mnyauko bakteria. Uzi usipotoka, na ukipasua shina unakuta mishipa imegeuka kahawia, na majani yalianza manjano upande mmoja wa mmea, huo ni mnyauko fusari. Huu wa pili ni ukungu kweli, lakini umejifungia ndani ya mishipa. Kupuliza majani ni kupaka mafuta kichwani kwa maumivu ya tumbo. Kwa mnyauko fusari tafuta mbegu yenye ukinzani. Kwa mnyauko bakteria hamisha nyanya, na mahali hapo usipande bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, maana vyote ni ndugu wa nyanya na vyote hushikwa.

Ukibaki na shaka, funga majani matatu yenye doa changa ndani ya gazeti kavu (mfuko wa nailoni huyaozesha kabla hayajafika) umpelekee afisa ugani, au kituo cha utafiti kilicho karibu: TARI Tengeru, SUA Morogoro, KALRO kwa upande wa Kenya.

"Ni ubwiri unga, nina hakika, na bado upo"

Huu ndio ukungu ambao dawa za mimea huuweza vizuri kuliko mwingine wowote, kwa sababu kwenye tango, boga, tikiti na bamia unaishi juu ya ngozi ya jani. Ukiusugua kwa kidole unatoka kama unga wa ngano. Mafuta na sabuni vinaugusa moja kwa moja.

Kwenye nyanya na pilipili hoho hali si hiyo. Aina inayoshambulia huko, Leveillula taurica, huingia ndani ya jani. Juu unaona doa la manjano tu na unga hafifu upande wa chini. Dawa ya kugusa inasafisha kilicho nje, wiki inayofuata kinatoka kingine. Anza mapema, kwenye doa la kwanza la manjano, na puliza kutoka chini kwenda juu.

Kosa jingine ni kuungoja wakati wa mvua. Magonjwa mengi ya ukungu yanahitaji jani lilowe kwa saa kadhaa, lakini ubwiri unga hustawi kiangazi. Mtu anaacha kupuliza kwa kuwa mvua imekata, na huo ndio msimu wake.

"Dawa ina harufu kali kabisa, ila haifanyi kitu"

Harufu kali ikijaa nyumba nzima, dawa imeshakwenda hewani. Hapa tutakaa kidogo, maana dawa nyingi hufia jikoni.

Kitunguu saumu kizima hakina dawa ndani yake. Kina malighafi mbili zilizotenganishwa ndani ya punje: kiini kiitwacho aliini, na kimeng'enya. Ukikiponda zinakutana, na ndani ya dakika chache inazaliwa allisini, ambayo Chester Cavallito na John Hays Bailey waliitambua Marekani mwaka 1944. Allisini hushambulia vimeng'enya vya ukungu vyenye salfa, tena vingi kwa mpigo. Kimeng'enya cha kitunguu hufa kwa joto. Ukichemsha vitunguu vizima ndipo uponde, umetengeneza supu. Ukivitupa vikiwa vizima kwenye ndoo vilale usiku, umepata maji yenye harufu.

Kwa bomba moja:

1. Menya gramu 300 za kitunguu saumu. Bila mizani ni vichwa 6 vikubwa, au 10 hadi 12 vidogo vya kienyeji. Tupa punje zilizokauka au zilizoanza kuoza.
2. Twanga kwenye kinu au saga kwa blenda hadi upate uji. Ukikatakata kwa kisu hupati hata nusu ya dawa.
3. Funika, acha dakika 10 hadi 15 kabla ya kuongeza maji. Hapo ndipo allisini inatengenezwa.
4. Ongeza lita 1 ya maji ya baridi, koroga, chuja kwa kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara mbili, kamua. Rudia makapi kwa nusu lita nyingine.
5. Mimina kwenye bomba, jaza maji hadi lita 15. Sabuni ya maji mililita 15 hadi 30 iingie mwisho kabisa.
6. Puliza jioni hiyo hiyo.

Kichwa kikubwa cha kitunguu kibichi kilichopondwa vizuri hutoa allisini ya kutosha hivi kwamba kipimo hicho kinakupa takriban miligramu 50 hadi 100 kwa lita, na hicho ndicho kiwango kinachozuia ukungu kwenye jani. Ukiweka gramu 100 kwa bomba zima "kubana matumizi", umeshuka chini ya mstari. Ukiweka kilo, unaunguza majani na pesa.

Allisini haikai. Kwenye chupa iliyosimama juani ndani ya gari, kesho yake imebaki kidogo sana. Malalamiko ya "wiki ya kwanza ilifanya kazi, ya pili ikafa" karibu yote yanatoka hapa: mtu alitengeneza lita tano za juisi akapuliza kwa wiki tatu. Hifadhi vitunguu, juisi tengeneza upya.

Halafu kuna majivu. Mapishi mengi ya kienyeji yanamaliza kwa "ongeza majivu vikombe viwili". Majivu ni alikali kali. Allisini huvunjika haraka kwenye alikali, na azadiraktini, kiini cha mwarobaini, vilevile. Kama unataka majivu yako kwa ajili ya konokono, yamwage chini ya mmea, yasiingie ndooni. Magadi nayo yaweke mbali na mchanganyiko huu.

Maji yenyewe yanaweza kuwa kosa. Kwenye visima virefu vya Dodoma na Singida maji mengi ni magumu. Jaza chupa nusu kwa maji hayo, weka kipande cha sabuni ya mche cha ukubwa wa harage, tikisa. Povu likikaa, endelea. Povu likifa na kuacha mabaki meupe yanayoelea kama maziwa yaliyoganda, sabuni yako haitafanya kazi na hayo mabaki yataziba nozeli. Kinga maji ya mvua, au tumia ya mto.

Majani ya mpapai ni rahisi zaidi: kilo 3 za majani mabichi yaliyokatwa nyembamba kama mchicha, lita 3 za maji, pekecha kwa nguvu, kamua kwa kitambaa. Changanya na lita 12 za maji zilizoyeyushwa sabuni ya mche gramu 48. Hutumika kwa ubwiri unga na kutu. Usiyaloweke wiki nzima. Kinachotoka baada ya siku saba ni bakteria na uvundo, na ukikipuliza kwenye mchicha au saladi unampelekea mlaji tumbo la kuhara.

Mwarobaini una pande mbili: majani yana azadiraktini kidogo, mbegu zina nyingi, na hata hiyo kazi yake kubwa ni kwa wadudu. Kwa ukungu tegemea mafuta yenyewe, yanayofunika jani na kuukosesha ukungu nafasi. Mililita 75 hadi 150 kwa bomba. Manjano ambayo hupendekezwa kila mahali yana kiini kisichoyeyuka kwenye maji na kinachoharibiwa na mwanga. Kuloweka unga wa manjano kwenye ndoo kunapaka majani rangi. Karafuu na mchaichai vina mafuta yanayoruka, kwa hiyo ukichemsha, funika sufuria na uache ipoe ikiwa imefunikwa.

Tumbaku iache. Nikotini hupenya kwenye ngozi na imewahi kulaza watu, na majani yake yanaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya. Mnanaha na utupa navyo ni sumu kwa mwenye kuvishika. Utupa ni ule ule wa kuvulia samaki.

"Majani yameungua"

Kwanza hakikisha ni kuungua. Chukua kalamu ya wino mzito, zungushia doa tano kwenye majani matano. Rudi baada ya siku mbili. Doa likivuka mstari wako, ni ugonjwa. Likibaki ndani ya mstari na mimea yote iko sawasawa, ni dawa. Alama za dawa hutokea ndani ya siku moja au mbili, na huanzia kwenye ncha na pembezoni, pale matone yanapokusanyika.

Halafu uliza ni mistari ipi iliyoungua. Ikiwa ni ya mwisho peke yake, mafuta hayakuchanganyika. Bomba linanyonya kutoka chini, mafuta yanaelea juu: mimea ya kwanza imepata maji, ya mwisho imepata mafuta matupu. Dawa ni utaratibu. Changanya mafuta na sabuni kwanza (mililita 100 za mafuta kwa mililita 20 hadi 30 za sabuni ya maji), ongeza glasi moja ya maji ya vuguvugu, tikisa kwenye chupa hadi ipate rangi ya maziwa bila macho ya mafuta juu, ndipo umimine kwenye bomba lenye maji nusu. Tikisa bomba mgongoni kila unapogeuka mwisho wa mstari. Asubuhi za Mbeya au Limuru mafuta ya mwarobaini huganda. Weka chupa ndani ya maji ya vuguvugu, usiiweke motoni.

Ikiwa ni shamba zima, angalia saa uliyopuliza. Mafuta juani saa sita ni kukaanga. Puliza baada ya saa kumi na moja jioni au alfajiri, joto likiwa chini ya nyuzi 30, kwenye mimea iliyonyweshwa. Mmea wenye kiu huungua kwa kipimo ambacho jirani yake aliyenyweshwa hakihisi. Ulipiga salfa hivi karibuni? Mafuta na salfa vipishane angalau wiki mbili.

Sabuni ya unga ya kufulia ni chanzo kingine, kwa viongezo vyake vya kung'arisha. Tumia sabuni ya mche au ya maji isiyo na dawa ya kuua madoa.

Mafuta ya karafuu yanahitaji heshima ya pekee. Sehemu kubwa yake ni yujenoli, ambayo kwa ukungu ni kali kweli, na kwa jani ni kali vilevile: Marekani mafuta ya karafuu huuzwa kama kiuamagugu kwa wakulima wa kilimo hai. Mkulima wa Pemba anayeyapata kwa urahisi ashawishike polepole. Anza na mililita 1 kwa lita, pamoja na sabuni, kwenye mimea mitatu, ungoje siku mbili.

"Nozeli inaziba kila dakika"

Chuja mara mbili, ya pili kwa kitambaa kizito au soksi safi ya nailoni. Makapi ya kitunguu huvimba ndani ya maji, kwa hiyo kilichopita mwanzo kinaweza kuziba baadaye. Usizibue nozeli kwa waya wala mwiba. Tundu likipanuka, matone yanakuwa makubwa na dawa inadondoka chini. Tumia mswaki wa zamani na maji. Suuza bomba kila siku, maana juisi ikilala ndani hugeuka utelezi kwenye kichujio.

"Juu ya jani pamepona, chini bado"

Dawa hizi hazisafiri ndani ya mmea. Mahali tone lisipogusa hakuna kinga. Ubwiri vinyoya na bakajani chelewa hutolea mbegu zake upande wa chini wa jani, kwa hiyo geuza nozeli itazame juu, pitisha mkono chini ya majani, na upunguze matawi ya ndani.

Kitunguu maji kina shida yake. Jani lake lina nta na limesimama wima. Tone linabiringika kama shanga hadi kwenye udongo. Kwa baka zambarau sabuni ni lazima, mililita 2 kwa lita. Mwaga maji ya dawa kidogo kwenye jani moja uangalie: yakijikusanya kuwa mpira, ongeza sabuni kidogo; yakitandaa kama jani limelowa lote, inatosha. Na kagua vithiripi katikati ya majani, kwa sababu majeraha yao ndiyo mlango wa ukungu huo.

"Kila nikipuliza inanyesha"

Mvua ya saa moja huondoa karibu kila kitu, na jua la siku tatu humalizia. Rudia kila siku 5 hadi 7, na baada ya mvua kubwa rudia mara jani likikauka bila kuhesabu siku. Ikiwa ni masika na unapuliza kila siku ya pili, piga hesabu ya kitunguu saumu na ya vibarua, kisha ulinganishe na bei ya nailoni angavu ya kuezekea nyanya. Paa hilo la miti na nailoni linalokavusha majani huzuia bakajani kuliko dawa yoyote ya mimea, na wakulima wa milimani wanaouza nje ya msimu walishalijua.

"Miche inalala kitaluni"

Kinyausi hukata mche usawa wa udongo, shina linakuwa jembamba kama uzi na kuanguka. Kumwagia juisi udongoni hakusaidii sana, kwani vijidudu vya udongo huimeng'enya haraka. Punguza maji, mwagilia asubuhi ili jioni uso wa udongo uwe mkavu, sia kwa mistari ya sentimita 10 hadi 15 badala ya kutawanya, na punguza kivuli. Kabla ya kusia tena, lowesha kitalu, kifunike kwa nailoni angavu iliyobana kingo zote, ukiache juani wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haipashi udongo joto kwa kina kama hiyo angavu.

"Sijui ni dawa iliyosaidia au ni hali ya hewa"

Hakuna atakayejua bila kuacha mimea ya kulinganisha. Chagua mistari mitatu iliyofanana. Mmoja usiupulize chochote, wa pili puliza maji na sabuni peke yake, wa tatu dawa kamili. Kwenye kila mstari funga utepe kwenye mimea mitano, hesabu majani yenye madoa siku ya kwanza, ya saba na ya kumi na nne. Mstari wa sabuni ndio watu wanaoruka, ilhali sabuni peke yake hupunguza ubwiri unga. Ukikuta mstari wa pili na wa tatu imefanana, umekuwa ukitwanga kitunguu bure.

"Maembe yanaoza baada ya kuvuna"

Chule, ukungu unaoozesha maembe, huingia kwenye tunda likiwa changa mtini na kulala kimya hadi liive. Kupaka mafuta ya mimea siku ya kuvuna kunachelewa. Maji ya moto ya nyuzi 52 kwa dakika 5, yakipimwa kwa kipimajoto, hufika pale ukungu ulipo chini ya ngozi. Yakizidi nyuzi 55 ngozi inabadilika rangi. Poza kwenye maji safi, kausha, ndipo upange kwenye matenga.

"Mahindi yameota ukungu ghalani, niweke mwarobaini?"

Usiweke, na usiyale. Majani ya mwarobaini hupunguza wadudu wa ghala, lakini ukungu wa Aspergillus ukishatoa sumukuvu (aflatoksini), hakuna mmea unaoiondoa, na kupika ugali hakuiui. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, ambayo jicho haliwezi kuiona hata punje zikiwa safi.

Kinga iko kwenye ukavu: unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kufunga magunia. Bila mashine, weka punje theluthi ya chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisha turubaini. Isipoganda, anika siku moja zaidi, kwa sababu kipimo hiki hakioni tofauti kati ya 14 na 13. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo.

Yaliyokwisha kuota ukungu yazike mbali na kisima. Usiwamwagie kuku, wala usimpe ng'ombe wa maziwa: sumu hupita tumboni mwake na kutokea kwenye maziwa.